Saini ya Pili Iko Ziwani

"Ingia, Arlys, na ufunge mlango. Joto linatoka."

Tuliachana wiki iliyopita na sauti hiyo ikitoka ndani ya kibanda cha kuvulia samaki juu ya ziwa lililoganda, na Arlys Tollefsrud wa watu amesimama nayo mlangoni wiki nzima, mkono juu, barafu ya Ziwa Tamarack ikilia chini ya buti zake. Mmenisimamisha dukani na kanisani mkiniuliza: Orrin, mwenye kibanda, amejuaje kuwa ni yeye? Mama wa watu hakumwambia mtu. Kibanda chenyewe hakina dirisha upande ule. Wengine mkaanza kutaja mizimu.

Mizimu ya nini? Huku tuna LaDonna.

"LaDonna wa duka la chambo kanipigia simu," Orrin alisema Arlys alipoingia. "Kasema umeuliza kibanda changu ni kipi. Tena mkanda wa injini ya pikapu yako umelegea, unalia tangu ufukweni. Ziwa zima linajua uko hapa."

Arlys alifunga mlango akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Hakuwa na pa kujificha tena.

Aliyeazima gazeti leo kwa mara ya kwanza asihangaike, nitamweleza haraka. Arlys alikuwa karani wa kampuni ya Haugdahl na Wana, wauza pampu za visima, kwa zaidi ya miaka thelathini. Msimu wa mapukutiko akastaafu. Akiba yake ya uzeeni bado imelala kwenye mfuko wa kampuni, na ili ihamie kwenye akaunti yake mwenyewe, wadhamini wawili wa mfuko lazima watie saini. Akiichukua taslimu bila kuihamisha, kodi inaimega kipande kikubwa hapo hapo, na inayobaki haimtoshi.

Mdhamini wa kwanza ni Verlyn Haugdahl, bosi wake wa zamani. Wa pili ni Orrin, kaka yake Verlyn, aliyeondoka kwenye kampuni miaka kumi na moja iliyopita na hakuna aliyekumbuka kulifuta jina lake. Ndugu hao hawasemezani. Wanavua kwenye ziwa moja, vibanda vyao vinaonana, na wakipishana barabarani kila mmoja anainua kidole kimoja kwenye usukani. Basi, mazungumzo yao yanaishia hapo.

Verlyn alimzungusha Arlys tangu Novemba, kwa upole kabisa, "hamna shida, tutafanya," hadi Jumanne hii alipotia saini mezani kwake na kumpa na chupa ya jemu. Leo ni Alhamisi. Mwisho ni kesho.

Na kwa nini kesho? Hilo Arlys ametuambia mimi na wewe tu. Mume wake, Merle, akili inamtoka kidogo kidogo. Kimepatikana chumba kwenye nyumba ya wazee ya Willow Bend, karibu na kwake, mahali anapoweza kwenda kila siku akamlisha supu mwenyewe. Willow Bend wanataka kuona kesho kwamba akiba iko njiani kuingia mikononi mwake. La sivyo chumba ni cha mwingine, na nafasi nyingine iliyobaki iko kwenye nyumba iliyo mwendo wa saa nne kwa gari, mbali kuliko anavyoweza kuendesha mwanamke wa umri wake wakati wa theluji. Haya, turudi kibandani.

"Kahawa?" Orrin aliuliza.

"Ah, hapana, Mzee, usijisumbue."

"Nusu kikombe tu."

"Nimekunywa nyumbani, asante."

"Basi hii iliyobaki nitaimwaga."

"Kama unaimwaga, haya."

Akamimina kikombe kizima. Ndivyo kahawa inavyonywewa kwetu Minnesota. Mara ya kwanza unakataa kwa adabu, mara ya pili kwa aibu, mara ya tatu unapokea. Anayepokea mara ya kwanza tunamwona mlafi, ingawa hatumwambii.

Orrin alikuwa mzee mkubwa, mabega kama kabati, amekaa kando ya tundu alilotoboa kwenye barafu na kifimbo cha kuvulia mkononi. Hita ya gesi ilikuwa inavuma. Aliutazama mfuko wa mkate ambao Arlys ameukumbatia chini ya koti, alimotia karatasi zisilowe.

"Nilisikia umestaafu. Hiyo ndiyo fomu ya akiba yako?"

"Ndiyo hii."

"Nikutilie saini?"

Jamani! Hivyo hivyo, bila kubembelezwa! Miezi ya kuzungushwa na Verlyn, halafu mzee huyu anajitolea mwenyewe! Na unajua Arlys alijibu nini? Ulimi wa malezi yake ulitangulia mbele ya akili.

"Ah, usijisumbue, Mzee. Vua kwanza."

Weee, Arlys!

"Una hakika? Kalamu ninayo hapa kwenye sanduku."

"Hata. Sina haraka."

Sina haraka! Mwanamke ambaye hajalala vizuri tangu Krismasi anasema hana haraka! Lakini usimcheke sana, msomaji. Alikuwa anaingoja mara ya tatu. Mara ya tatu angesema, "Haya, kama kalamu iko karibu," na mambo yangekwisha, kila mtu na heshima yake.

Orrin alifungua mdomo. Mara ya tatu hiyo inakuja!

Kifimbo kikapinda. "Lo! Huyu mkubwa!" Orrin aliruka, sanduku likapinduka, ndoano zikatawanyika sakafuni. Akavuta, akalegeza, akavuta. Arlys akashikishwa taa. Samaki akatokeza kichwa tunduni, mrefu kama mkono wa mtu, akapiga mkia, maji yakamrukia Arlys usoni na kuganda kwenye nyusi.

Samaki alipotulia, mazungumzo yakawa ya samaki. Kisha ya samaki wa mwaka juzi. Kisha ya goti la shemeji yake Orrin, lililopasuliwa likapona vibaya. Arlys alikaa na kikombe kilichopoa akiitikia, "Ndiyo kabisa," "Pole yake." Mara ya tatu haikuja. Huku kwetu, ukishakataa mara mbili na mwenzio asirudie, jambo limekufa. Kulifufua mwenyewe ni kuvua nguo mbele za watu.

Nje mchana ulikuwa unakwenda. Nyumbani jirani alikuwa amekaa na Merle kwa hisani tu. Arlys aliona machozi yanamjia, akaona aibu ya machozi, kisha akaona hasira ya ile aibu.

"Mzee Orrin," alisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotaka. "Nimesema uongo. Nina haraka. Naomba saini yako sasa hivi."

Orrin aliacha goti la shemeji katikati. Alimtazama mama huyu ambaye kwa miaka yote ile ofisini hakuwahi kuomba hata siku ya mapumziko.

"Basi si ungesema, dada," alijibu taratibu. "Lete."

Akavaa miwani. Na hapa ndipo walipotofautiana na Verlyn: Verlyn alitia saini bila kusoma. Orrin akaanza na jina la mfuko juu kabisa, akashuka mstari kwa mstari, midomo ikitembea, akageuza nyuma.

"Unahamisha ya nini? Mnahama?"

"Mambo ya kodi tu," Arlys alidanganya tena.

Orrin aliguna akaendelea. Kidole chake kikasimama. Alirudia kusoma, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akavaa tena.

"Hii ya Verlyn haifai kitu."

"Haifai vipi? Saini si yake?"

"Ni yake. Lakini soma hapa chini. Wadhamini wote wawili watatia saini kwa wakati mmoja, wakionana, mbele ya mwenye muhuri wa serikali. Hata mimi nikitia sasa hivi, itakuwa bure. Hakukwambia?"

Arlys alitikisa kichwa.

"Ajabu. Kipengele hiki alikitaka yeye mwenyewe. Baba alikuwa hai, tulikaa mezani sisi watatu. Alisema siku moja mmoja wetu anaweza kurubuniwa akiwa peke yake."

Amesahau, Arlys alijisemea. Bosi ni mtu mzima sasa, anasahau. Hakuwa na nafasi moyoni ya kuwaza zaidi ya hapo. Alichokiona ni kitu kimoja: ndugu wawili ambao hawajakaa chumba kimoja miaka kumi na moja, wakae chumba kimoja kabla ya kesho.

"Njoo nami kwa Verlyn," alisema. "Kibanda chake kile pale."

"Sina neno na Verlyn. Mtu mzuri sana."

Mgeni angefurahi kusikia hivyo. Arlys ni mwenyeji; moyo ulimshuka. Mtu wa huku akikwambia hana neno na fulani, jua maneno yamejaa hadi kooni.

"Alikukosea nini, Mzee? Miaka yote hii sijawahi kuuliza."

Orrin alikoroga vipande vya barafu tunduni kwa kijiko.

"Siku ya mazishi ya Baba," alisema mwishoni. "Tumekaa ukumbi wa chini kanisani, kila mtu na sahani yake ya viazi. Verlyn akaniambia, Orrin, wewe ndiye mkubwa, shika kiti cha Baba. Nikamwambia, ah, hapana, kinakufaa wewe. Akasema, hapana, kweli, kishike. Nikasema, wewe unaijua kazi kuliko mimi." Alinyamaza. "Halafu hakuuliza tena."

"Hakuuliza tena?"

"Jumatatu yake akakaa kwenye kiti. Na mimi nikakaa nyumbani."

Hebu fikiria, msomaji. Miaka kumi na moja! Watu wameuana kwa mashamba, ndugu wameshtakiana kwa nyumba. Hawa walivunjika kwa swali lililobaki mdomoni.

Lakini angalia Arlys. Aliweka kikombe chini. Aliukumbuka ukumbi ule, meza ile, viazi vile. Alikuwa anapita na birika.

"Mzee Orrin, alikuwa anakuuliza."

"Nani?"

"Verlyn. Alikuwa ameinama upande wako, mdomo uko wazi. Mimi nikaingia katikati na birika, nikamuuliza kama anataka kahawa. Akanijibu mimi. Nilipoondoka, mchungaji akasimama kuomba."

Orrin alilitazama tundu lake la maji meusi.

"Ulikuwa wewe?"

"Nilikuwa mimi, Mzee. Nisamehe."

Hita ilivuma. Hatimaye Orrin akamrudishia fomu yake.

"Mwambie, kama atakuja kuniuliza, nitakuja."

"Na asipokuja?"

"Basi asipokuja."

Hiyo tu ndiyo aliyotoka nayo. Lakini kwa mtu aliyekuwa hana kitu, hata hiyo ni kitu. Arlys aliingia kwenye pikapu, mkanda ukalia, vibanda vyote vya Ziwa Tamarack vikajua anakwenda wapi.

Alikwenda kwanza dukani kwa LaDonna, kwa sababu muhuri wa serikali wa eneo hili lote unakaa kwenye droo ya LaDonna, kando ya minyoo. LaDonna si wa huku. Aliolewa kutoka Texas, mume akafa, yeye akabaki na duka na mdomo wake.

"Shoga, umelia?" aliuliza kabla Arlys hajafika kaunta.

"Upepo."

"Upepo wa wapi unamliza mtu jicho moja moja? Haya, sema shida."

Arlys alieleza kuhusu saini. LaDonna alisikiliza huku akihesabia mteja chambo, kisha akapiga kofi juu ya kaunta.

"Yaani wazee wazima wawili, mmoja anangoja kuulizwa na mwingine anangoja kuuliza? Kwetu mtu ukitaka kitu unasema nakitaka. Usipokitaka unasema toka hapa. Ngoja nivae koti, nichukue na muhuri."

Akafunga duka mchana kweupe, wateja ndani! Wakatoka wakinung'unika kwa adabu.

Kibanda cha Verlyn ni cha kitajiri: kina zulia, kochi na televisheni. Verlyn mwenyewe, mwembamba, nadhifu hata akivua samaki, alisimama kuwapokea kwa ile sura yake njema inayowafanya wadeni wake wamwombee heri.

"Arlys! Na LaDonna! Karibuni, karibuni. Kahawa?"

"Ah, usijisum..." Arlys alianza.

"Nipe," LaDonna alikata. "Na keki hiyo pia, kipande kikubwa."

Verlyn alipepesa macho, akakata keki.

"Bosi," Arlys alisema, maana ulimi haujazoea jina jingine. "Saini yako ya Jumanne haifai. Fomu inataka mtie saini pamoja, wewe na Orrin."

"Aa. Hilo," Verlyn alisema.

Wenye masikio mmesikia? Hakusema "kumbe!" wala "nilisahau." Alisema "hilo," akageuka kuitazama televisheni iliyozimwa. Arlys hakusikia. Maskini, alikuwa anapanga maneno yake.

"Orrin anakungoja. Nenda kamuulize tu. Lile swali la mara ya tatu, bosi, la siku ya mazishi. Ananiambia ukimuuliza atakuja."

Uso wa Verlyn ulibadilika. "Alikuwa anangoja nimuulize? Miaka yote hii?"

"Miaka yote."

"Mimi nilidhani hakitaki. Nilidhani kiti kinamkera." Akakaa kwenye kochi. Akajifuta usoni kwa kiganja. Arlys aliona matumaini yanamwingia kifuani, akasimama kabisa, akamchukulia kofia yake kwenye msumari.

"Basi twende, bosi."

Verlyn aliipokea kofia. Aliizungusha mikononi. Hakuivaa.

"Si leo, Arlys."

"Si leo?"

"Baridi hii. Na Orrin atakuwa amechoka. Msimu ukiisha, tukishatoa vibanda ziwani, nitamwalika chakula..."

"Kesho, bosi! Ni kesho!" Sauti ya Arlys ilipasuka. "Baada ya kesho fomu hii sina kazi nayo. Sijawahi kukuomba kitu. Nimefunga hesabu zako na homa. Nimewadanganya wateja kwamba umesafiri, nawe uko chooni umejificha. Naomba utembee kwenye barafu hadi kile kibanda pale, basi!"

LaDonna aliacha kutafuna.

"Najua, Arlys," Verlyn alisema chini chini. "Najua ni kesho."

"Sasa kama unajua..."

Mlango uligongwa.

Wavuvi wa ziwa hili hawagongi. Tunaita jina tu. Mlango ulifunguka, baridi ikaingia kwanza, halafu mabega. Orrin Haugdahl alisimama kwenye zulia la mdogo wake, theluji kwenye kofia, anahema. Alikuwa ametembea kwa miguu.

"Verlyn."

"Orrin."

Arlys alisogea kumpisha.

"Barafu nzuri mwaka huu," Orrin alisema.

"Nzuri. Nene upande huu."

"Upande wangu nene zaidi kidogo."

"Ndiyo, huko daima inawahi."

"Yesu na Maria!" LaDonna alinong'ona na keki mdomoni. "Miaka kumi na moja, na wanazungumza barafu."

Orrin alivua kofia. "Arlys kaniambia siku ile ulikuwa unafungua mdomo."

"Nilikuwa nafungua."

"Ulitaka kusema nini?"

Verlyn alikuwa na umri wa kuwa babu, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto wa mwisho. "Nilitaka kusema, kichukue, kaka. Mimi siwezi peke yangu."

"Basi," Orrin alisema. "Nimekuja."

Hawakukumbatiana. Sisi si watu wa kukumbatiana. Orrin alikaa kwenye kochi, kochi likalalama, na Verlyn akamkatia keki bila kumuuliza hata mara moja. LaDonna alilia waziwazi na kufutia machozi kwenye skafu ya Arlys.

Na Arlys? Arlys hakuwa na muda wa kulia. Alitoa fomu nyingine safi kwenye mfuko wa mkate. Karani wa kweli habebi fomu moja. Aliiweka mezani, akailainisha kwa kiganja. LaDonna alifungua muhuri wake, akaupulizia pumzi ya moto ili wino ulegee.

Wote wako chumba kimoja. Wanaonana. Mwenye muhuri yupo. Kalamu ipo!

"Wapi?" Orrin aliuliza.

"Hapa, Mzee."

Akatia saini, herufi kubwa za mtu aliyezoea kushika spana. Akasukuma fomu na kalamu mbele ya mdogo wake.

"Tia hapo, Verlyn. Mama wa watu ameganda vya kutosha."

Verlyn alichukua kalamu. Aliishusha hadi kwenye mstari, ncha ikagusa karatasi ikaacha nukta. Arlys aliona chumba cha Willow Bend, dirisha lake, kiti ambacho angekaa kila siku saa ya supu.

Verlyn aliiweka kalamu chini.

"Siwezi."

"Huwezi nini?" LaDonna alifoka. "Mkono umekufa?"

"Siwezi kutia saini. Nilidhani haitafika hapa." Hakumtazama LaDonna wala kaka yake. Alimtazama Arlys, na ile sura njema haikuwepo tena. "Ile ya Jumanne nilitia kwa sababu nilijua haifai. Nilijua mimi na Orrin hatutakaa chumba kimoja. Nisamehe, Arlys. Sikuwa na ujasiri wa kukwambia hapana."

Orrin aliweka sahani chini. "Verlyn, umefanya nini na pesa za mfuko?"

"Hakuna kilichoguswa. Ziko zote, za kila mtu. Mwiteni mkaguzi mnayemtaka."

"Basi kwa nini?" Arlys alisikia sauti yake kama inatoka kibanda cha jirani. "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Najua pesa zinakwenda Willow Bend."

LaDonna alimtazama Arlys, Arlys akatazama zulia.

"Sijamwambia mtu," alisema.

"Hukuniambia wewe. Aliniambia Merle."

Arlys aligeuka kumtazama.

"Ile siku daktari alipowaambia," Verlyn aliendelea. "Mlipotoka hospitalini ulisimama dukani kumnunulia soksi za sufu. Yeye akabaki garini. Mimi nilikuwa naweka mafuta, nikamwona, nikaingia kumsalimia. Akili yake ilikuwa nzima kabisa, Arlys, kuliko yangu. Akaniambia, Verlyn, najua ninakokwenda ni Willow Bend. Nilimwona baba yangu akifia kwenye vitanda vile, amefungwa mkono. Arlys hana pesa nyingine ila zile zilizo kwenu, na haziwezi kuhama bila wewe. Siku atakapokuja na karatasi, usitie saini."

Arlys alikaa taratibu ukingoni mwa kochi, karibu na Orrin.

"Na wewe ukamwambia nini?"

"Nilimwahidi. Tulipeana mkono."

"Siwezi kumbeba, Verlyn." Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kumwita jina lake. "Juzi alianguka bafuni, nikakaa naye sakafuni hadi jirani alipoamka. Anatoka nje na kanzu ya kulalia kwenye baridi hii. Nimefunga mlango kwa kamba. Unadhani nataka kumpeleka? Unadhani napenda?"

"Najua hupendi. Lakini niliahidi mtu mwenye akili timamu, na siwezi kumrudia kumuuliza kama bado anataka."

Arlys aliinua kichwa. Alikunja fomu, akairudisha kwenye mfuko wa mkate, akasimama.

"Utamrudia. Vaa kofia yako. LaDonna, chukua muhuri. Mzee Orrin, njoo nawe uwe shahidi. Tunakwenda kwangu sasa hivi, nyote."

"Arlys..."

"Akikutambua wewe ni nani, akalisema tena neno hilo mbele ya macho yangu, nitaichana fomu hii jikoni kwangu na nitamlea hadi nife mimi kwanza. Asipokutambua, utatia saini papo hapo. Uko tayari?"

Verlyn alimtazama kaka yake. Orrin alikuwa ameshavaa glavu. Akamtazama LaDonna, ambaye alikuwa tayari anafunga muhuri wake.

"Na wewe?" Verlyn aliuliza polepole, akitafuta kofia iliyokuwa mkononi mwake. "Wewe bado anakutambua?"

Arlys alifungua mlango. Baridi ikaingia yote kwa pamoja.

"Leo asubuhi nikitoka," alisema, "aliniambia nikikutana na Arlys huko nje nimsalimie."